Mhunzi Asiye na Mvukutaji

Wahenga hawakusema kwamba kidole kimoja ni dhaifu. Walisema tu kwamba hakivunji chawa, maana kazi hiyo inataka kingine cha kukutana nacho. Evaristi aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini kuijua methali si sawa na kukutwa nayo.

Kwa miaka sita alifanya kazi katika banda la uhunzi la Mzee Gaspari, kwenye kilima kimoja karibu na Rulenge. Aliingia humo akiwa kijana mkimbizi kutoka Burundi, asiye na mzazi wala ndugu. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya mivukuto na kupuliza moto. Mikono ikivukuta, macho yalikuwa kwenye chuma. Alijifunza kimyakimya kwamba chuma chekundu kama damu hakijaiva, na chenye rangi ya papai bivu ndicho kinachoitii nyundo.

Vita vilipowaka kaskazini, mwishoni mwa mwaka 1978, vijana wa kijiji waliitwa mgambo, wakaondoka wakiimba. Wana wa Mzee Gaspari walikuwa miongoni mwao. Evaristi hakuitwa, kwa kuwa alikuwa mkimbizi. Malori nayo yalikwenda kubeba askari, na duka la kijiji likabaki bila jembe hata moja. Wakulima wakaanza kuwapelekea wahunzi vyuma chakavu.

"Huenda huu ndio wakati wa kusimama mwenyewe," Evaristi aliwaza. Hakuwa mtu wa pupa, hivyo alijipima kwanza. Chuma alikijua. Nyundo na koleo alikuwa navyo. Makaa aliweza kuyachoma. Mwenyekiti wa kijiji alipomkubalia, alikwenda kuaga.

"Shikamoo, Mzee. Nataka kujaribu banda langu."

"Marahaba. Kumbe kifaranga kimeota manyoya!" Mzee Gaspari alicheka bila furaha. "Nenda. Kuvukuta ni kazi ya yeyote mwenye mikono."

Maneno hayo yalimchoma Evaristi, lakini hakuyapinga. Hata yeye hakuwahi kuiona kazi hiyo kuwa kazi.

Alijenga banda kwenye kilima cha ng'ambo ya bonde. Mteja wake wa kwanza alikuwa Secilia, ambaye mumewe alikuwa vitani. Alikuja na mtoto mgongoni, mkononi ameshika kipande cha springi ya lori bovu, chuma pekee alichokuwa nacho.

"Fundi, mvua ziko mlangoni," alisema, "nami jembe langu limebaki mpini."

Evaristi alipowasha moto, ndipo alipoona alichokisahau katika kujipima kwake. Alivukuta hadi chuma kikaiva, akarukia koleo, akakimbilia fuawe la kupondea; alipoinua nyundo, chuma kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Akapiga mara chache, akarudi kwenye mivukuto. Alihangaika hivyo kutwa nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikuwa amehesabu kila kitu isipokuwa mvukutaji, kwa sababu miaka yote mvukutaji alikuwa yeye. Neno pekee alilotamka siku ile aliuambia moto: "Ngoja kidogo." Moto haukungoja.

Siku chache baadaye Secilia alilirudisha jembe.

"Fundi, ulifua chuma au ulifinyanga chungu? Nimelima tuta moja tu, limepasuka!" Kisha sauti yake ikashuka. "Nisipopanda sasa, hawa watoto watakula nini?"

"Nilipiga chuma kilichopoa, dada. Kosa ni langu."

Secilia alimwachia jembe, akaondoka. Evaristi akaketi juu ya gogo, mkiwa kama shamba lililokwisha vunwa. Kutoka ng'ambo ya bonde ilisikika nyundo ya Mzee Gaspari. Ngo, ngo, ngo. Kisha kimya kirefu. Ngo, ngo, kisha kimya tena.

Akainua kichwa. Zamani nyundo ile haikupumzika, ilipiga kama mvua juu ya migomba. Kimya kile alikitambua, kilikuwa kama chake. Mzee naye alikuwa akikimbia kati ya moto na fuawe.

Angeweza kufurahi. Badala yake alijiuliza upya, polepole, kama alifaa kuwa na banda lake. Mikono ilimjibu ndiyo. Kimya kile kikamjibu vingine. Akachukua jembe, akavuka bonde.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?" Mzee alikuwa amelowa jasho.

"Nimeleta jembe la Secilia. Nimeliharibu."

Mzee aliligeuzageuza. "Ulilipiga limepoa."

"Nilikuwa peke yangu."

Mzee akaonyesha kwa kidevu majembe yaliyolala ukutani, yote yana nyufa. "Mimi nilidhani ni uzee," akasema.

"Mzee, sitarudi kuwa mtumishi. Tufue kwa zamu, na banda liwe letu sote."

"Siku hizi una kiburi!"

"Nina jembe lililopasuka, Mzee."

Mzee Gaspari aliliweka jembe lile kwenye makaa. Kisha, magoti yakimlia, akajishusha taratibu nyuma ya mivukuto na kumnyooshea Evaristi nyundo yake.

"Shika," alisema. "Moto hautusubiri."

Jembe la Secilia lilitoka dogo kuliko la kwanza, lakini lilimaliza msimu mzima bila ufa. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.