Userhati na Moyo wa Punda

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa maiti na siri yake, nasi tumekaa tunasikiliza.

Basi hapo kale, katika nchi ya Misri, aliondokea mpima nafaka, jina lake Userhati. Kibaba chake alikitia kitako cha pili kwa ndani. Wajane wakapunjika, mayatima wakapunjika, hata mama mkwe akapunjika.

Userhati akaugua, akaingiwa na hofu. Si hofu ya kifo, jamani. Wamisri wakimkausha maiti kwa magadi, ubongo huutoa puani wakautupa. Moyo huuacha kifuani. Huko kuzimu moyo huulizwa maswali, kisha hupimwa kwa unyoya. Ukiwa mzito, dude lenye kinywa cha mamba huumeza, na mwenyewe ndiyo basi tena.

Akamwita shemeji yake Ipui, mkausha maiti.

"Shemeji, nikifa, moyo wangu utoe. Niwekee wa mtu mwaminifu."

"Mji huu nimeupasua karibu wote, shemeji. Sijauona."

"Basi wa punda wangu. Yule hajapata kusema uongo."

"Punda yu hai."

"Hata mimi ni hai. Subiri."

Wakafa wiki moja, bwana na punda. Ipui akafanya kama alivyoagizwa, akafunga sanda.

Userhati akafika mizanini. Mpimaji, mwenye kichwa cha mbweha, akauuliza moyo:

"Uliiba?"

"Sikuiba. Nilibeba tu vilivyoibwa."

"Ulidanganya?"

"Sikudanganya. Nilipigwa, nikanyamaza."

"Ulimliza mtu?"

"Nilimkanyaga mama mkwe. Bahati mbaya."

Unyoya ukashuka, moyo ukapanda. Dude likafumba kinywa.

"Pita," akaambiwa Userhati. Akacheka mpaka sanda zikalegea. Mbele yake kulikuwa na mashamba ya ngano, mifereji na mitende. Ndiyo pepo yenyewe.

Msimamizi wa mashamba akamsimamisha. "Duniani ulifanya kazi gani?"

Userhati akafungua kinywa aseme kwamba alikuwa mpima nafaka. Lakini kule anayejibu ni moyo.

"Kubeba," moyo ukasema.

Akatwishwa gunia. Akatwishwa la pili. Akatwishwa la tatu.

"Bwana msimamizi," akauliza, "nitabeba mpaka lini?"

"Hapa hakuna kufa," msimamizi akamjibu. "Twende."

Hadithi imefika mlangoni, naiacha itoke. Uongo wake wangu, utamu wake wenu, na aliyesinzia amwulize jirani.