Koti la Kuazima

Wapendwa, palikuwa na binti mmoja, mtoto wa mjane, aliyesomea kemia chuo kikuu akafaulu vizuri. Waliomaliza naye walitawanyika. Huyu anauza vocha, yule karudi kwao kulima mpunga. Yeye akasema, "Mimi siondoki mlangoni. Nafasi ikitokea, itanikuta hapa hapa." Akamwendea mtunza stoo wa idara, mzee aliyekaribia kustaafu, akaomba ajitolee. Kuosha vyombo, kupima kemikali, kuandaa meza kabla wanafunzi hawajaingia. Bure kabisa, na chakula anakijua mwenyewe.

Sasa kila anayeingia maabara anauliza, huyu naye ni nani? Yule mzee akamwonea huruma. Akafungua kabati, akatoa koti jeupe lenye nembo ya chuo kifuani.

"Vaa hili, mwanangu, wasikusumbue na maswali."

"Ahsante, mzee wangu. Nitalirudisha."

Ulikuwa wema, tena wema mkubwa. Na kweli, tangu siku hiyo hakuuliza mtu. Mzee akastaafu, akaenda zake. Waliobaki wakamzoea binti na koti lake, kila mmoja akaamini kuna mwingine aliyemwajiri. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Msinitazame hivyo, wazee wa kanisa, sikuitunga mimi! Lakini koti hili lilimsitiri mtoto wa watu kupita kiasi, hata shida yake ikafunikwa.

Na shida ilikuwepo. Mama yake alikuwa anaumwa figo. Mtumishi wa chuo kile anaweza kumwingiza mzazi wake kwenye bima, akatibiwa. Mnaelewa sasa binti alikuwa anangoja nini.

Idara ile ilikuwa na desturi. Jumatatu asubuhi walimu wanakutana kwenye chai, mkuu wa idara anasoma habari. Fulani amepata ufadhili wa kusoma ng'ambo. Fulani makala yake imechapishwa. Kiwanda fulani kinatafuta mkemia. Watu wanapiga makofi, halafu habari zinabandikwa ubaoni, nyuma ya kioo. Binti haingii kwenye chai ile, maana hakuna aliyemwita. Yuko chumba cha pili anaosha vyombo, anasikia makofi ukutani, na anawafurahia wenzake. Jioni simu inalia.

"Vipi mwanangu, wamekuona?"

"Bado kidogo, mama."

Jumatatu moja mkuu huyo wa idara, Profesa, akaja na uso unaong'aa. "Chuo kimetupa nafasi moja ya maabara. Wanataka tupendekeze mtu tunayemfahamu, mwaminifu, anayeijua kazi. Tuna mtu?"

Mwalimu mmoja, mama wa makamo, akasema, "Profesa, angepatikana mtu kama yule binti wetu wa maabara, tungepumzika."

"Kama yule utampata wapi?" Profesa akasema. "Tumshukuru Mungu, yule tunaye tayari."

Wakacheka, wakamalizia chai. Profesa akawajibu wakubwa kwamba idara haina mtu. Wakubwa wakatafuta kwingine, na kwa kuwa habari haikubandikwa ubaoni, binti hakujua lolote. Penye miti hapana wajenzi, ndugu zangu! Mtu mwenyewe yuko nyuma ya ukuta, mikono imejaa sabuni.

Siku ikafika, Profesa akaingia maabara na kijana mgeni.

"Binti yangu, tumekupatia mwenzako. Mwonyeshe kila kitu, wewe ndiye mwenyeji."

"Na yeye anajitolea?"

"Kujitolea wapi? Huyu ameajiriwa, kama wewe."

"Mimi sijaajiriwa, Profesa."

Profesa akacheka. Akaona anacheka peke yake. "Na hilo koti?"

"La kuazima, alinipa mzee wa stoo."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilidhani mnajua."

Msiwe wepesi wa kumlaumu. Kwao alifundishwa kwamba mtu mwema hajipigii debe, kazi yake itamsemea. Nani alimfundisha hayo? Si sisi? Si tunayasema hapa hapa, kisha mtu akinyamaza miaka tunamsifu kwa unyenyekevu wake, na inatufaa sana akinyamaza?

Profesa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya ningemwacha na ubaya wake. Alisimama pale anakunakuna kichwa, akasema nafasi imeshajazwa, avumilie, ikija nyingine watamkumbuka. Binti akavua koti, akalikunja, akaliweka mezani. Akamwonyesha kijana bomba la gesi linalovuja, asije akaungua. Akaondoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akaangamia.

Jumatatu iliyofuata Profesa aliona haya kusema ukweli. Akasoma: "Mwenzetu wa maabara ametuaga, amekwenda kutafuta fursa kubwa zaidi. Tunamtakia heri." Makofi! Wakambandika ubaoni. Ndiyo mara ya kwanza jina lake kukaa nyuma ya kioo kile, na habari yenyewe ilikuwa uongo. Na yule mjane? Sitawadanganya ili mwende nyumbani mmefarijika. Walimzika kabla ya masika.

Sasa nizungumze na sisi. Chuo nakiacha, chuo kina wenyewe.

Kila Jumapili sisi tuna matangazo. Tunawasimamisha wageni, tunawaimbia, tunawapa soda. Vizuri. Tunapanga mikutano ya injili kuwatafuta walio nje, tunakodi vipaza sauti. Vizuri pia. Je, aliye ndani tumemuuliza lini? Yule anayepika kwenye misiba yetu yote, nani anajua kwake wanakula nini? Yule wa kwaya anayeimbisha mpaka mnalia, nani amewahi kumuuliza kama yeye anaamini bado? Hatuulizi. Amevaa joho, basi tunaye tayari. Tumemvika mtu sare ya Bwana, tukaacha kumtazama usoni, na tunajiita mwili mmoja. Mwili gani huo, kidole kinaoza na mkono hauna habari?

Nasema kwa uchungu, na sijui kama uchungu huu utatusaidia. Nimehubiri upendo hapa, mmeitikia amina, na amina zenu zilikuwa nzuri kusikia.

Tazameni hapa madhabahuni. Mmeyaona haya maua? Yamekauka. Wiki iliyopita kamati ilinifuata kulalamika kwamba maua yamekauka, kanisa linatia aibu. Nikawauliza, huwa anayabadilisha nani? Wakasema, yule mama. Mama yupi? Yule mama wa maua, Mchungaji, yupo siku zote.

Naona mnageuza shingo kumtafuta. Hayupo. Hajaonekana tangu Pasaka, na kilichotushtua ni maua.

Nilikuwa niseme tusimame tuimbe. Hapana, kaeni. Hatuimbi mpaka mmoja wenu anijibu: yule mama anaitwa nani, na anaishi wapi?

Nangoja.

Hata mmoja?