Bi Nyati na Kifaranga wa Shoga Yake

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiezeka nyumba na kuazimana chumvi, waliishi mashoga wawili, Bi Kifaru na Bi Nyati. Mashamba yao yalipakana. Wote wawili walikuwa wajane. Kila Ijumaa walikula sahani moja, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mmoja akiugua, mwenzake ndiye aliyemkorogea uji.

Mwaka mmoja moto uliunguza nyika. Bi Kifaru alikwenda kuokota kuni kwenye majivu, akasikia, "Pii! Pii!"

Akainama. Chini ya jiwe palikuwa na kifaranga wa kanga, mdogo mno, hajajua hata kusema. Mama yake hakuonekana.

"Masikini! Huna mtu?" Bi Kifaru akamfunga kwenye upindo wa nguo, akaenda naye nyumbani, akamwita Tunu.

Basi nyumba iliyokuwa kimya ikapata sauti. Tunu alimfuata Bi Kifaru jikoni, akamfuata kisimani, akalala kwenye mikunjo ya shingo yake.

Ijumaa ikafika.

"Hodi!"

"Karibu, shoga yangu, karibu!"

Bi Nyati akaketi mkekani. Hata tonge la kwanza halijafika mdomoni, tap, tap, tap! Tunu akapanda ukingo wa sahani, akadonoa kunde, akaacha kinyesi chake papo hapo.

Bi Nyati aliruka. Sahani ikapinduka, pwaa!

"Toa hiki kitu!"

"Ni mtoto tu, shoga. Hajui."

"Mtoto gani? Ni ndege! Ndege mahali pake porini. Mimi siwezi kula na ndege."

"Kwa hiyo nimtupe?"

"Sikusema umtupe. Nimesema siwezi."

Akaondoka bila kunawa mikono.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya Bi Nyati kupika. Bi Kifaru alikuja na Tunu mgongoni. Bi Nyati alifungua mlango upenyo tu.

"Wewe ingia. Huyo abaki nje."

"Nje kuna mwewe."

"Haya basi."

"Haya."

Bi Kifaru akarudi kwake na njaa yake. Bi Nyati akabaki na chungu cha chakula cha watu wawili, akakitazama mpaka kikapoa.

Sasa, katikati ya mashamba yale palikuwa na kichuguu, na ndani yake aliishi Nguchiro. Alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na ulimi wake laini kama siagi. Ugomvi wote aliusikia. Asubuhi yake akaenda kwa Bi Kifaru.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nimesikia mmekosana na Bi Nyati. Imeniuma! Na tena, sipendi umbea mimi, lakini Bi Nyati ameapa. Siku akimkuta huyu mtoto peke yake, ukwato mmoja tu, fyaa!"

"Nyati hawezi kusema hivyo!"

"Hasira, bibi. Hasira hasara. Sikiliza. Siku mnazokula pamoja, mlete Tunu kwangu. Nyinyi mle kwa amani, jioni umchukue. Mimi napenda ndege, bibi! Napenda ndege tangu utoto wangu!"

Bi Kifaru aliwaza siku tatu. Alimtaka shoga yake. Alimtaka na Tunu. Akaona hana njia nyingine. Ijumaa asubuhi akampeleka Tunu kichuguuni, kisha akatuma salamu kwa Bi Nyati: "Njoo tule. Niko peke yangu."

Bi Nyati alifurahi, jamani! Akajitwisha boga, akashika njia. Alipofika karibu na kichuguu, akasikia, "Pii! Pii! Pii!"

Akachungulia. Tunu alikuwa ndani ya tenga, amelowa chapachapa, anatetemeka. Kando yake chungu kilikuwa kinatokota. Nguchiro alikuwa anatwanga vitunguu saumu, tu! tu! tu!

"Nguchiro! Unafanya nini?"

Nguchiro alishtuka. Kisha akatabasamu, meno yote nje.

"Aa, Bi Nyati! Wewe ndiye wa kunishukuru. Si humpendi huyu? Basi pita zako. Mimi nitasema amechukuliwa na mwewe. Bi Kifaru atalia wiki moja, wiki mbili, halafu atakuwa wako tena kama zamani. Nani atajua?"

Bi Nyati akalitazama tenga, akaitazama njia.

Wanangu, sitawaficha. Aliwaza. Aliuona mkeka msafi, na sahani moja, na Ijumaa zisizo na ndege. Akapiga hatua moja kwenda zake. Akapiga ya pili.

Halafu akamwona Bi Kifaru moyoni mwake, amelala, ameugua kwa kilio. Akajiona na yeye mwenyewe, amekaa kando yake na kata ya uji, anamwambia, "Pole, shoga, kunywa kidogo," huku anajua.

Boga likaanguka, puu! Bi Nyati akageuka, akalinasa tenga kwa pembe, akatimua mbio.

"Mwizi!" Nguchiro akapiga kelele nyuma yake. "Mwizi! Bi Kifaru, toka uone!"

Tenga liliyumba huku na huku. Tunu kwa hofu akaruka nje, akaparamia kichwa cha Bi Nyati, akang'ang'ania nywele za katikati ya pembe kwa kucha zake ndogo. Ngozi yote ya Bi Nyati ilisisimka. Machozi yakamtoka. Lakini hakutikisa kichwa.

Bi Kifaru alitoka nje. Macho yake hayakuona mbali, ila aliliona umbo la shoga yake, na aliisikia sauti ya Tunu juu ya pembe zile.

"Nyati! Kumbe ni kweli!" Akainamisha pembe yake.

"Nilikuambia, bibi!" alidakia Nguchiro, akihema. "Amekuja kumnyakua kwangu! Nilikuambia!"

Bi Nyati alipiga magoti mbele ya ile pembe, akalaza kichwa chini.

"Mchukue," akasema. "Mchukue upesi, shoga, nakuomba. Ananitembea kichwani."

Bi Kifaru akasogea, akamwokota Tunu. Akamnusa. Fff! Akamnusa tena. Na pua ya kifaru, wanangu, haidanganyiki.

"Ndimu," akasema polepole. "Ndimu, na chumvi, na kitunguu saumu. Nguchiro! Hivi ndivyo unavyompenda ndege?"

"Ni... ni dawa ya chawa, bibi."

"Na chungu kinachotokota kwako," akauliza Bi Nyati, "ni cha chawa pia?"

Nguchiro akachomoka, chwii! Akapotelea vichakani, na kichuguu kile kikabaki kitupu.

Mashoga wawili walikaa chini. Tunu alikuwa anajikung'uta maji ya ndimu.

"Niliamini ungemkanyaga," alisema Bi Kifaru. "Nisamehe."

"Nami karibu nimwache, nipite zangu. Nisamehe na mimi," alisema Bi Nyati. "Nilipokuwa ndama nilipata kidonda mgongoni. Ndege wakatua juu yangu, wakakidonoa, siku baada ya siku. Mpaka leo nikisikia mbawa, mgongo unaniuma."

"Miaka yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Nyati mzima mimi, nikaseme naogopa ndege?"

Bi Kifaru hakucheka. Aliinuka, akamtengenezea Tunu kizimba cha fito nyuma ya nyumba, akamtia ndani, akafunga vizuri, akarudi na maji ya kunawa.

"Bado simpendi," alisema Bi Nyati.

"Najua. Kula."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa Tunu alishinda kizimbani mpaka mashoga wamalize kula. Na Bi Nyati naye kila alipokuja alibeba konzi ya mtama, akaitupa kizimbani kwa mbali, akiwa ameangalia pembeni.

Basi wanangu, la kushika ni hili: si lazima umpende kila anayependwa na rafiki yako, ila usikubali aangamie.