Bwana Kihwelo Ashika Usukani

Bwana Kihwelo, tajiri wa mbao, alikuwa anachelewa mnada wa Makambako, na dereva wake, dada mmoja aitwaye Mwasiti, alikuwa anapita kijijini kwa mwendo wa hamsini kama kibao kilivyotaka.

"Kanyaga mafuta," alifoka Bwana Kihwelo kutoka kiti cha nyuma. "Ukikamatwa, faini ni yako. Usipokanyaga, kazi huna."

Mwasiti akaukumbatia usukani kwa mikono miwili. "Bosi, mimi mwoga tangu tumboni mwa mama. Hata nilipojifunza baiskeli, kuku walikuwa wananipita. Gari kama hili linamtaka mtu aliyewahi kushusha malori ya mbao milimani."

Bwana Kihwelo alimjua mtu huyo: alikuwa yeye mwenyewe enzi za ujana, na kila asubuhi alimsimulia Mwasiti habari hizo.

"Simamisha," akasema. "Hamia nyuma uone."

Bwana Kihwelo alikuwa kwenye mwendo wa mia na kumi, anapiga mluzi, askari wa barabarani alipojitokeza nyuma ya kibanda cha mahindi ameshika tochi ya kupimia mwendo.

"Dereva, leseni," akasema askari.

Bwana Kihwelo akaitoa, akaandikiwa faini kwa jina lake kamili. Walipoondoka akauliza taratibu, "Ulijua?"

"Dereva wa lori tuliyepishana naye alinimulikia taa mara mbili kunionya kuwa mbele kuna askari," akajibu Mwasiti. "Wakati huo ulikuwa unanifokea."

Bwana Kihwelo akashusha mwendo hadi hamsini, akaanza kujicheka peke yake.

"Kaa hukohuko nyuma, bosi," akamwambia Mwasiti. "Dereva wako leo kapata akili."