Darasa Lililosubiri

Chuo kimoja cha nyanda za juu kilimwalika profesa kutoka mbali, mama mzee aliyeitwa Kokushubira, akae nao kwa mwaka mmoja na kuwafundisha wahadhiri chipukizi maadili na uongozi. Vijana hao walikuwa wakilisoma jina lake tangu wangali wanafunzi. Miongoni mwa waliochaguliwa kuketi mbele yake walikuwamo Ambakisye na Sekela, waliokuwa wakitumia ofisi moja. Ikatangazwa kwamba asiyeonekana siku ya ufunguzi, nafasi yake itapewa mwingine.

Asubuhi ya siku hiyo wanafunzi wa Ambakisye walikuwa na mtihani, na mtihani hauachwi bila msimamizi. Sekela akamwonea huruma, akasema, "Tangulia wewe, kaka, mtihani nitausimamia mimi. Ukishaonekana, rudi unipokee, nami nikaonekane." Ambakisye akaahidi. Aliondoka akiwa na nia ya kurudi, na hilo tusimnyime.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Palikuwa na maua mezani, wapiga picha, na mgeni rasmi kutoka mji mkuu. Ambakisye akapata kiti safu ya mbele. Akajiambia atatoka wageni wakishaketi. Walipoketi, akajiambia atatoka profesa akishaingia. Profesa akaingia, na kijana akasahau kama ana miguu. Alikuwa mama mfupi mwenye sweta la kijivu na mwendo wa taratibu, lakini watu walinyamaza kabla hajaifikia meza, kama nyumba inavyonyamaza mtoto mchanga akipata usingizi.

Makamu Mkuu wa Chuo akasimama. "Mama Profesa, wote wapo. Karibu uanze."

Yule mama akawatazama vijana safu kwa safu, bila haraka.

"Kile kiti kitupu ni cha nani?"

"Cha mmoja aliyechelewa," akajibu Makamu Mkuu. "Tuendelee tu, Mama. Mgeni rasmi ana safari."

Ambakisye alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Sekela hakuwa mtu wa kwenda kulalamika popote. Nafasi ingempita kimyakimya, na wao wawili wangeendelea kusalimiana ofisini kila asubuhi. Wazo hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Masikio yakamwaka moto. Akasimama.

"Ni cha Sekela. Anasimamia mtihani wangu. Nilimwahidi kwenda kumpokea, nikakaa."

Minong'ono ikapita ukumbini. Ambakisye akainamisha kichwa, akingoja kukemewa.

"Nenda kampokee," akasema profesa, basi.

Sekela alipomwona mlangoni pa chumba cha mtihani hakumuuliza kitu. Alimkabidhi karatasi za akiba, akavua viatu vyake virefu, akakatiza bustani ya chuo mbio, viatu mkononi. Ambakisye akabaki akizunguka kati ya madawati, akisikiliza kalamu zikikwaruza. Huko ng'ambo somo limekwisha anza, akawaza, na kiti changu kimeshapata mwenyewe. Ilimuuma sana. Maneno aliyoyangoja miaka yote yalikuwa yakisemwa mita chache kutoka pale, kwa watu wengine. Hata hivyo kifua chake kilikuwa kimetulia, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu kulipokucha.

Mtihani ulipokwisha, akakusanya karatasi za majibu, akazifungia ofisini, akaenda ukumbini walau apate maneno ya mwisho. Gari la mgeni rasmi halikuwepo tena. Wapiga picha nao walikuwa wamekwenda zao. Akasikiliza nje ya mlango, asisikie sauti ya mtu yeyote. Akadhani wametawanyika. Akasukuma mlango.

Walikuwamo. Vijana wote walikuwamo, na Sekela kati yao. Makamu Mkuu alikuwa ameshika tama, koti lake limetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Na Mama Profesa alikuwa ameketi vilevile alivyomwacha, mikono juu ya mapaja, macho yakielekea mlangoni. Asubuhi yote hiyo hakuwa amefundisha neno hata moja. Safu ya mbele palikuwa na kiti kitupu, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Ambakisye akashika mwimo wa mlango. Aliweza kuelewa kwa nini Sekela asubiriwe, kwa kuwa Sekela hakuwa na kosa. Lakini yeye? Aliyevunja ahadi mchana kweupe? Kwa ajili yake mama huyu mkubwa alikuwa amemwacha mgeni rasmi aondoke bila kusikia hotuba, akakaa kimya mbele ya chuo kizima kama mtu asiye na kazi nyingine duniani. Hakujua atembee vipi mbele ya wema wa namna hiyo. Akatembea hivyohivyo, akaketi, na hakudiriki kuinua uso.

Hapo ndipo yule mama alipoinuka.

"Sasa tupo wote," akasema. "Tuanze."

Nanyi mliokabidhiwa watu, mmeanza bila nani?