Pimbi Ampigia Tembo Simu

Hapo kale, ila si kale sana, maana wanyama walikwisha kununua simu, aliishi Tembo, mwenyekiti wa kijiji. Mkewe aliitwa Mama Chereko, kwa jina la binti yao aliyesoma ng'ambo ya mto.

Siku moja Kobe alimjia akilia. "Mwenyekiti, nimetapeliwa kwa simu!"

Tembo akacheka, kwa! kwa! kwa! "Kobe, wewe bwege! Mimi na masikio yote haya, tapeli ataanzia wapi?"

Juu ya mwamba, Pimbi, kijinyama kisichozidi sungura, alikuwa anaota jua. Na Tembo, wanangu, akiongea na simu husikika hadi kijiji cha pili. Basi Pimbi alijua kila kitu: jina la binti, shule yake, hata fedha alizoweka Tembo za kununulia tangi la maji la nyumbani.

Kesho yake simu ya Tembo ikalia, krii! krii!

"Shikamoo, Baba Chereko," ikasema sauti ya kiungwana. "Mimi mwalimu wa zamu. Kaa chini kwanza, baba. Mwana kapanda mti, kaanguka, puu! Daktari hamgusi mpaka fedha ifike. Na usimwambie mama yake, atazimia. Usikate simu!"

Jasho likamtoka Tembo. Masikio yakapiga pa! pa! lakini hayakusikia tena neno la akili. Akabonyeza, akatuma, akabonyeza tena, akatuma, salio likaisha. Simu ikakatika.

Jioni Chereko akaingia akiimba. "Mama, leo tunakula nini?"

Tembo akamkumbatia, machozi yakamlengalenga kwa furaha. Kisha akaelewa. Akaona aibu kusema.

"Baba Chereko, fedha ya tangi iko wapi?" akauliza mkewe.

"Eh... nimempa Kifaru atutunzie."

Asubuhi Mama Chereko akashika njia kwenda kwa Kifaru. Kabla hajafika, akakutana na mke wa Kifaru anakuja mbiombio.

"Shoga, nakuja kwako! Mume wangu kasema fedha zetu anatunza mumeo."

"Zenu? Si zetu ndizo anazotunza mumeo?"

Wakatazamana. Wakarudi, wakawabana waume zao mpaka ukweli ukatoka. Kumbe Kifaru naye aliambiwa mwanawe kakwamwa na mwiba wa samaki!

"Tangu lini kifaru akala samaki?" akafoka mkewe.

"Na tembo je, tangu lini akapanda mti?" akadakia Mama Chereko, akapiga mbiu kuita kijiji.

Tembo akasimama mbele ya kijiji kizima, mkonga umelegea, akasema yote. "Kobe, nisamehe. Ningekusikiliza, nisingeliwa fedha zangu."

Nyati akakohoa. "Hata mimi."

"Hata mimi," akanong'ona Simba, akijificha nyuma ya ndevu zake.

Lo! Wakubwa karibu wote walikuwa wameliwa, kila mmoja kimya kwake.

Papo hapo, krii! Simu ya Kiboko. Akaiweka sauti juu, wote wasikie.

"Shikamoo, baba. Pole sana. Mwanao kazama majini!"

"Mwanangu? Mwana wa kiboko?"

"MWIZIII!" kijiji kikanguruma.

Juu mwambani, kacha! simu ikaanguka. Wakainua macho, wakamwona Pimbi akichomoka, churupu! ndani ya ufa usiopitisha hata pua ya Nyati. Fedha hazikurudi. Ila tangu siku ile, kila aliyepigiwa simu alimwita jirani kwanza, na Pimbi akarudi kula majani.

Wanangu, aibu ya aliyetapeliwa ndiyo mtaji wa tapeli.