Flashi ya Maalim Khatibu na Jina la Mtoto wa Mize

Hapo zamani, wala si ile ya wafalme, ni hii ya juzi kompyuta zimeshaingia vijijini, palikuwa na zahanati pale Mkadini yenye kompyuta moja. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wachangia damu: jina la mtu, kundi la damu yake, namba ya simu. Na kijijini alikuwapo Mize, mjamzito wa miezi minane, mwenye damu adimu. Uzazi wa kwanza alitokwa na damu mpaka watu wakaanza kumsomea Yasini.

Asubuhi moja nesi Zuleikha akawasha kompyuta. Orodha haifunguki. Kirusi kimeingia.

Sasa nieleze ada yetu, maana kosa lilitoka humo. Maalim Khatibu, Mungu amrehemu, alipofariki visomo vyake vya Kurani vilitiwa kwenye flashi. Flashi ikazaa flashi, kila nyumba ikapata yake, na zote zilinakiliwa kwenye kompyuta ile ile ya zahanati. Kuikagua flashi ya Maalim kama ina kirusi? Nani athubutu! Ina Kurani ndani. Tulidhani uchafu haukai mahali pamoja na maneno ya Mungu.

Akajitokeza Raya Hamad, mwalimu wa sekondari, akaitoa likizo yake. Kinga iliyokuwamo kwenye kompyuta haikukijua kirusi kile. Akachukua kipande cha kirusi hicho, akakipeleka mtandaoni kwa watu wa nchi za mbali ambao hujitolea kutafuta dawa za virusi, hawamjui wala hawamdai. Siku ya tatu dawa ikaja. Akasafisha asubuhi. Jioni kurudi, kirusi kimo tena, na safari hii orodha kimeifuta kabisa.

"Nani kachomeka kitu hapa?" Raya akauliza.

Kesho yake msikitini, baada ya sala ya alasiri, akasimama Salum Faki, mfagiaji wa zahanati. "Ndugu zangu, ni mimi. Nikifagia huichomeka flashi ya Maalim nimsikilize. Na jana nilichomeka."

Mmoja nyuma akamrushia, "Basi wewe ni Salum Kirusi!" Watu wakacheka. Yeye akalia. Jina hilo analo mpaka leo.

Nesi Zuleikha aliposikia habari ya flashi akashika kichwa. "Jamani! Mwaka jana niliazima flashi ya mtu, nikapeleka orodha mjini kuchapishwa. Huenda nakala bado imo. Ya nani, sikumbuki."

Ndipo Bi Mwanakombo, msusi wa mikeka asiyejua hata kuandika ujumbe kwenye simu, akajifunga kibwebwe. Nyumba kwa nyumba, na pakacha mkononi, akikusanya flashi zote. Mzee Haji akamzibia mlango. "Mnataka kufuta Kurani?"

"Hatufuti, Mzee Haji. Wewe ukitaka kusali hutawadhi? Basi na flashi ikatawadhe, itarudi."

Mzee akacheka, akatoa.

Zikapatikana flashi themanini na tatu. Raya akazitia dawa moja moja. Orodha ikakutwa kwenye ya mwisho.

Ile ya mwisho ilikuwa yangu. Niliificha siku mbili chini ya msala, nikijidai nalinda dini. Bi Mwanakombo alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikaa kizingitini kwangu akasuka ukili. Nikaona haya, nikaitoa. Mungu anisamehe.

Watu watatu wenye damu kama ya Mize wakapigiwa simu, wakatangulia hospitali ya wilaya. Mize akajifungua, damu ikamtoka, damu ikamrudia. Mtoto wa kike, mzima. Mama naye mzima.

Siku ya saba mumewe akasema, "Mtoto huyu atapewa jina na aliyetuokoa. Lakini jina ni moja."

Raya akasema, "Bila dawa, mlikuwa na pakacha la maradhi tu."

Bi Mwanakombo akasema, "Mwanangu, mgonjwa asipoletwa, dawa huozea chupani."

Salum aliinama. Mkewe, Bi Tatu, ndiye aliyesema: "Angenyamaza, mngejua pa kutafuta? Nyinyi mmetoa likizo na miguu. Mume wangu katoa uso wake."

"Lakini kirusi kaleta yeye!" mmoja akadakia.

"Na wewe kwako hukuwa na flashi?" Bi Tatu akamuuliza.

Sote tukatazama chini.

Mize akamweka mtoto mapajani. "Semeni basi. Mwenzenu anangoja jina."

Wakanigeukia mimi niamue, nikakataa. Mtu aliyeficha flashi chini ya msala ataamua nini? Nawaachia nyinyi, ambao zenu ni safi, kama mpo. Raya aliyeleta dawa, Bi Mwanakombo aliyezikusanya, au Salum aliyekiri: je, nani alistahili kumpa jina mtoto wa Mize?